Mvua za masika na watoto waliofungiwa ndani: wenzangu mnawachezesha vipi?

Mama wa watatu, Kawempe

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote ndugu zangu.

Nina watoto watatu, wa miaka 4, 8 na 11, na tunaishi hapa Kawempe, Kampala, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, kwenye ua mmoja na kaya nyingine nne. Wakati wa kiangazi sina la kuwaambia, kwa kuwa wakirudi kutoka shuleni hutupa mikoba na kukimbilia uani kucheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita rede, hadi adhana ya Magharibi. Tatizo langu ni miezi hii. Mvua za masika, ambazo Waganda huziita ttoggo, zikishaanza mwezi wa Machi, ua wetu hugeuka tope, mtaro unaopita nyuma ya nyumba hufurika, na ikifika likizo ya Mei mvua huwa bado haijakoma. Tukipumua kidogo katikati ya mwaka, Septemba mvua za vuli, yaani ddumbi, zinabisha hodi.

Jumamosi iliyopita niliwahesabia saa. Walikaa mbele ya televisheni kwa saa sita, wakainuka kwa ajili ya chai, chakula na choo tu. Juzi nilipopanda ngazi na mkubwa wangu katika jengo moja mjini alisimama mara mbili ili kupumua, naye ni mtoto wa miaka 11. Mama mkwe wangu anashikilia kwamba mtoto akilowa mvua lazima apate kichomi, ilhali baba yao anasema kwamba wao walikulia mvuani huko Masindi na hakuna aliyekufa. Mimi niko katikati yao, na watoto wako kwenye kochi.

Naomba kujua mambo matatu: mtoto anahitaji mazoezi kiasi gani kwa siku, anaweza kufanya nini katika sebule ambayo naivuka kwa hatua nne, na je, ni kweli kwamba mvua yenyewe huleta ugonjwa?

Mwalimu wa michezo, Kabale

Dada wa Kawempe, pole. Mimi hufundisha shule ya msingi huku Kabale, ambako baridi haisubiri mvua, kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai watoto huingia darasani asubuhi wakiwa wamefumbata mikono kwapani. Nitajibu maswali mawili ya kwanza, na la tatu nitawaachia wahudumu wa afya.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hadi apumue kwa kasi, na kwamba angalau siku tatu kwa wiki awemo katika shughuli za kutia nguvu misuli na mifupa, kama vile kuruka, kupanda na kubeba. Mdogo wako wa miaka 4 ana hesabu yake: dakika 180 za kujongea kwa namna yoyote, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za kutokwa jasho, huku muda wa kukaa mbele ya kioo cha televisheni au simu usizidi saa moja. Takwimu hizo zikikutisha, zingatia neno wastani. Dakika hizo hazidai kufuatana, wala siku moja ya mvua kubwa haiharibu wiki nzima. Robo saa kabla ya uji, robo saa baada ya shule, na nyingine mbili zilizogawanywa jioni, hesabu imetimia.

Kuhusu sebule ya hatua nne, nimefundisha katika darasa la watoto zaidi ya 80 ambalo madawati hayakuacha hata hatua mbili, kwa hiyo usikate tamaa. Sukuma viti ukutani, kunja mkeka na uwavue soksi, maana soksi juu ya sakafu ya saruji ni kama sabuni. Kisha anza na kuruka kamba bila kamba: mtoto anazungusha viganja kana kwamba ameshika kamba na kuruka kwa miguu miwili, hivyo hakuna taa itakayovunjika. Fuatisha kutembea kama kaa, yaani mikono na nyayo zikiwa chini na tumbo likitazama dari, kutoka ukuta hadi ukuta. Kuruka kama chura huchosha haraka kuliko unavyodhani. Jaribu mwenyewe mara kumi. Kuketi na kusimama kwenye kigoda bila kujishika, mara ishirini, ni zoezi la mapaja ambalo halimkeri hata jirani mwenye usingizi mwepesi. Na kwa kuwa mvua inanyesha bure, mkubwa wako abebe jerikeni ya lita 5 kutoka kwenye bati linakotiririkia hadi jikoni, akibadilisha mkono kila safari. Ni kilo tano kamili, na nyumba imepata maji.

Kwepena pia haihitaji ua. Shona mpira wa matambara uliojaa pamba au nguo kuukuu, mrushaji apige magoti ili asirushe kwa nguvu, na shabaha iwe chini ya kiuno. Jina lenyewe linafafanua mchezo, kwa maana anayecheza ni wa kukwepa, na kukwepa mahali padogo ni kazi kubwa zaidi.

Hata hivyo, jambo ambalo nimeona likidumu kuliko mazoezi ya kuhesabu ni ngoma. Huku Kigezi tuna ekizino, ambayo huchezwa kwa kuruka na kuikanyaga ardhi kwa kishindo, na wazee husimulia kwamba mababu waliruka hivyo ili kuifukuza baridi ya asubuhi milimani. Mtoto wa kawaida hawezi kuicheza dakika tano bila kutoa jasho. Kwenu kuna baakisimba, inayofanya kazi kiunoni na miguuni bila kupiga kishindo kikubwa, kwa hiyo kwa nyumba za kupanga inafaa zaidi kuliko yetu.

Andika matokeo kwa chaki nyuma ya mlango: nani ameruka mara ngapi kwa dakika moja, leo na jana. Mtoto ashindane na namba yake ya jana, si na ndugu yake, la sivyo utaamua kesi kila jioni. Mtakumbuka Aprili 2020, tulipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Rais Museveni alijirekodi akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu 30. Darasa langu lilikuwa likiniuliza kuhusu pushapu hizo hata baada ya shule kufunguliwa Januari 2022. Na niseme wazi kwamba katika karibu miaka miwili ile ya kufungwa kwa shule niliona kwa macho yangu kukaa ndani kunavyomfanya mtoto: walirudi warefu, lakini wengi hawakumaliza hata mzunguko mmoja wa uwanja.

Mama wa Mbale

Je, hakuna ukumbi wa kanisa, banda la msikiti au veranda pana ya shule hapo karibu? Sisi wazazi sita tuliomba banda la shule siku za likizo kwa sharti la kulifagia, tukakubaliwa.

Muuguzi, Arua

Mama wa watatu, mumeo na mama mkwe wako wote wawili wana sehemu ya ukweli, lakini nadhani wanabishana juu ya hatari isiyo kubwa na kuiacha iliyo kubwa.

Mafua huletwa na virusi, na kichomi huletwa na virusi au bakteria. Matone ya mvua hayana vimelea hivyo. Tunawaona watoto wengi wenye kikohozi majira ya mvua hasa kwa sababu tunawakusanya watu saba katika chumba kimoja, tunafunga dirisha, na mmoja akipiga chafya wote wameipokea. Kwa hiyo kumfungia mtoto ndani ili asipate mafua wakati mwingine ni kumpeleka yalipo. Hata hivyo mtoto aliyelowa chepechepe na kukaa hivyo hupoteza joto upesi, hivyo akianza kutetemeka mchezo umekwisha: avuliwe, akaushwe hadi kichwani, avae nguo kavu na apewe kitu cha moto. Wapo wawili ambao sharti langu kwao ni kali zaidi. Mtoto mwenye pumu asikimbizwe kwenye hewa ya baridi bila dawa yake ya kuvuta kuwa karibu, na mtoto mwenye selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, asiruhusiwe kulowa na kupoa, kwa kuwa baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa.

Sasa hatari iliyo kubwa. Agosti 2020, hapa kwetu Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda cha nyasi mvua ilipoanza, na radi ikawaua kumi kati yao. Miaka tisa kabla ya hapo, mwezi wa Juni 2011, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi wilayani Kiryandongo. Eneo letu hili la Ziwa Viktoria na kaskazini yake ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, nasi bado tunawaambia watoto wakimbilie chini ya mwembe wasilowe! Mtoto aliyelowa hukauka. Wafundisheni hivi: ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama jua linawaka, mchezo unakoma na wote wanaingia katika nyumba ya matofali yenye nyaya na mabomba, au katika gari la bati lililofungwa vioo. Kibanda cha nyasi, mti, goli la chuma na veranda si kimbilio. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo ifike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, lakini msisubiri ikaribie ndipo mkimbie, kwa sababu radi inaweza kupiga mbali na mvua yenyewe. Mkiwa ndani, kaeni mbali na bomba na madirisha ya chuma. Kutoka tena ni baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

La pili ni maji ya mtaro. Huko Kawempe na Bwaise mafuriko hupita vyooni kabla ya kupita mlangoni kwako, na mtoto anayerukaruka ndani yake anaogelea pamoja na kipindupindu na homa ya matumbo, mbali na vioo na misumari asiyoiona, na mbali na nguvu ya maji inayoweza kumkokota hadi chini ya kalvati. Maji ya mvua yanayoanguka ni kitu kimoja, na maji yanayotiririka mtaroni ni kitu kingine kabisa. Mvua ya rasharasha isiyo na ngurumo, kwenye ua usiofurika, mwache atoke na mabuti ya mpira. Na jua likikaribia kuzama waingie ndani, kwa maana mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia giza linapoingia, na majira haya ndiyo yao.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa heshima kwamba Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, aliipata Tokyo mwaka 2021 katika mbio ambazo kila mzunguko mkimbiaji hurukia dimbwi la maji.

Bibi wa Bombo

Wanangu, nimewasoma. Muuguzi amesema vyema, lakini inaonekana hafui nguo za watoto watatu kwa mikono. Mtoto anayelowa leo anahitaji nguo kavu leo, na kesho ana sare, na keshokutwa mvua ingali inanyesha na kamba imejaa nguo ambazo hazijakauka tangu Jumatatu. Mama wengi huwafungia watoto ndani si kwa kuogopa mafua bali kwa kuogopa beseni. Nilipokuwa nawalea wajukuu wanne, kila mmoja alikuwa na jozi moja ya nguo za mvua, yaani kaptula kuukuu na fulana iliyochanika, zikiwa zimetundikwa msumarini karibu na mlango wa nyuma. Zilivaliwa zikiwa mbichi na kurudishwa zikiwa mbichi, na hakuna aliyegusa nguo nyingine.

Jambo ambalo halijasemwa nami nalisema kwa sauti. Siku za mvua watu huingiza sigiri ya makaa ndani ili kupika, kukausha nguo na kuota moto. Ukifunga dirisha, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke. Mtoto anayeruka na kuhema kwenye chumba chenye sigiri huivuta nyingi zaidi. Sigiri ikae nje chini ya bati, na dirisha liwe wazi wanapocheza, hata kama mtasikia baridi kidogo.

Kisha, msifanye mazoezi kuwa kitu cha kigeni kinachohitaji kitabu. Mjukuu wangu alitwanga karanga kwenye kinu, akapiga deki nyumba nzima akiwa amechuchumaa, kisha jioni tukacheza doluka, ngoma ya sisi Wanubi, hadi mimi mwenyewe nikaketi. Yeye hakuketi.

Mjomba wa Toronto

Ndugu zangu, nachangia nikiwa mbali. Nilikulia Jinja na sasa nina watoto wawili huku Kanada, ambako mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni na nje kunaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Majira yetu ya kwanza ya baridi niliwafungia ndani kwa miezi minne kwa nia njema kabisa, nikiwa nimenunua televisheni kubwa kuliko dirisha. Niliona ajabu shule iliponiandikia kwamba wanangu wamekuja bila suruali ya theluji na kwa hiyo hawakuweza kutoka na wenzao wakati wa mapumziko. Nilidhani wanatania. Kumbe hapa watoto hutolewa nje kwenye theluji kila siku, ila baridi inapopita kiwango ambacho shule imeweka.

Ufunguo wao ni nguo za tabaka tatu: ya ndani isiyo ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kumpoza mtoto, ya kati ya sufu au ya manyoya laini, na ya juu isiyopitisha upepo wala maji. Baada ya hapo huteleza mlimani kwa vibao, hujenga ngome za theluji, na jiji lina viwanja vya barafu vya wazi ambavyo huingii kwa tiketi. Binti yangu aliteleza kabla yangu, nami hadi leo nashika ukuta. Tatizo letu la kweli huku ni giza na jua hafifu, kwani katika miezi hiyo miale haina nguvu ya kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, hasa ngozi nyeusi kama yetu, na daktari wetu aliwaandikia watoto matone. Hilo ninyi mlio karibu na ikweta halipaswi kuwasumbua, mradi watoto watoke nje mvua inapokatika.

Ninakubaliana na Bibi kuhusu gharama. Suruali na mabuti ya theluji ya watoto wawili yalinila sehemu kubwa ya mshahara, na mwaka uliofuata walikuwa wamekua. Nisingemwambia mama wa Kawempe afanye kama Kanada, kwa kuwa theluji ya uwanja wa shule haijapita chooni kwa mtu. Ila tofauti moja hunisumbua nikipiga simu nyumbani: huku mtu hutazama ratiba na kuuliza mtoto atatoka saa ngapi, kwetu tunatazama wingu na kusema leo hakuna kutoka, hata kama itanyesha kwa saa moja na kuacha.

Mama wa watatu, Kawempe

Nimerudi baada ya wiki mbili. Shukrani kwenu nyote, na Bibi, nguo za mvua zipo msumarini tayari.

Asubuhi kabla ya uji tunaruka kwa robo saa, na wa miaka 8 ametoka miruko 61 hadi 94 kwa dakika, akiandika mwenyewe nyuma ya mlango kwa chaki kubwa kuliko inavyostahili. Mpira wa matambara umefaulu mno, hadi jirani wa upande wa pili alibisha ukutani siku ya tatu. Tulizungumza, tukakubaliana iwe kabla ya saa mbili usiku, na sasa mwanawe naye anakuja. Mama mkwe amekubali rasharasha kwa sharti la kofia. Kuhusu radi hakubishana hata kidogo, kwani alikuwa na kisa chake cha ng'ombe watatu chini ya mti mmoja.

Nilichoshindwa ni mkubwa. Anasema kuruka kama chura ni kwa watoto wadogo, anaona aibu, na anaketi kwenye kochi akiwatazama wenzake. Mwalimu, nimfanyeje?

Mwalimu wa michezo, Kabale

Usimwambie aruke. Mpe saa na chaki, awe ndiye anayehesabu na kuonyesha namna ya kufanya, na kila zoezi aanze yeye ili wadogo wamwige. Katika shule yetu wasichana wa umri huo hukataa kucheza lakini hawakatai kuongoza, na kiongozi anayeonyesha zoezi mara tano kwa wadogo wawili amelifanya mara kumi bila kuombwa. Jerikeni nazo zimwachie yeye, na ikiwezekana apate siku yake moja ya ngoma na rafiki zake bila wadogo kuingia. Na kwa kuwa ulisema alihema ngazini, akiendelea kuhema hivyo baada ya mwezi mmoja wa kujongea kila siku, au akikohoa usiku, mpeleke apimwe kifua.

Mama wa watatu, Kawempe

Nimempa saa ya baba yake. Ameshawafukuza wenzake kutoka kwenye kochi.